Tulivyosamehewa kwa Mashine ya Kiptoo

Inatangazwa rasmi ya kwamba kuanzia kesho asubuhi, jogoo wa nyumba hii ameachishwa kazi mara moja. Nafasi yake haitajazwa. Anashukuriwa kwa utumishi wake, na anatakiwa kurudisha mali yote ya nyumba aliyo nayo, yaani kamba moja iliyo mguuni. Nilitaka tangazo hili lisomwe kwenye habari za saa saba mchana, vile wanavyofutwa wakubwa wakiwa bado na ugali mdomoni, lakini redio haina betri.

Sababu ni wewe, Nekesa. Alikuwa akikuamsha wewe. Mimi magoti huniamsha kabla yake, na baba yako hata mabati yakiezuliwa na upepo haamki. Sasa jogoo wa nini?

Baba yako amekwisha kukwambia habari ya blanketi, ya kutokunywa soda ya mtu usiyemjua kwenye basi, na ya kumsalimu shangazi yako kila Jumapili. Kesho kule stesheni atayarudia yote kwa sauti, ili abiria wengine nao wafaidike. Mimi sina nguvu za kuyarudia. Nimepikia chai watu wa malori ya mahindi hapo hotelini tangu alfajiri, miguu imejaa kama ya mtu mwingine, na nikianza kutoa amri nitalala katikati ya sentensi.

Lakini kuna jibu lako ambalo sijakupa. Wiki jana ulikuwa unamenya viazi, ukaniuliza, "Mama, wewe mwenyewe unaona niende ama nikatae?" Nikajifanya natafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu, na wewe uliiona. Ukanyamaza kwa heshima, na heshima ya namna hiyo inauma kuliko kelele.

Najua ulichokuwa unauliza. Ofisi unayokwenda kupiga taipu ni ileile iliyotuandikia barua ya mashine. Wakili ni yuleyule. Alipopita hapa akienda Kitale, akakuona ukitoa vikombe, akasema, "Huyu si yule msichana wa swali?" na kabla chai haijapoa umekwisha kuwa karani wa Nairobi. Majirani wanasema una bahati. Wewe unataka kujua kama unakwenda kazini ama unakwenda kusaidia watu waliomtoa Kiptoo mjini. Kwa hiyo acha nikueleze ile habari yote. Wewe uliiona ukiwa umebeba trei, mimi niliiona nikiwa nimekaa mezani na watu wazima, na nakuhakikishia wewe uliona vizuri zaidi.

Unamkumbuka Kiptoo alivyokuwa kabla ya hapo. Fundi wa redio, mtu wa Moiben, kibanda chake kiliegemea ukuta wa hoteli yetu hapa Eldoret mpaka hukujua nani anamshikilia mwenzake. Mrefu, na ile kofia yake ya kahawia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya manjano ya msaada, watu walileta redio kutengenezwa wasirudi kuzichukua, maana mwenye njaa hahitaji kuambiwa habari. Kiptoo akakaa bila kazi. Na yeye akikaa bila kazi ni lazima afungue kitu.

Alikuwa ameona mashine ya mchezo kwenye hoteli moja kubwa huko Nairobi, siku alipokwenda kumwona mjomba wake hospitalini. Kioo kama cha TV, vijiti viwili vyeupe, na kidoto kimoja. Unazungusha kifundo, kijiti chako kinapanda na kushuka, kinapiga kidoto, kidoto kinamwendea mwenzako. Akarudi akasema, "Mama Nekesa, hiyo si kitu. Hiyo ni redio yenye macho." Akanunua TV kuukuu, akatafuta vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo, akaviunga na kuvifungua msimu mzima. TV ya kwanza ilitoa moshi. Ya pili ilitoa moshi na harufu. Ya tatu ikakubali. Kabati alilipigilia mwenyewe kwa mbao za saipresi, na tundu la kuingizia shilingi akalikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Halafu akafanya jambo ambalo yule wakili mpaka leo halielewi. Hakuniuzia ile mashine. Hakunikodisha pia. Aliniwekea, vile watu wa kwao wanavyoweka ng'ombe kwa rafiki. Ng'ombe ni wangu, kaa naye, kunywa maziwa, akizaa tutaongea, akiugua niite. Sisi huko Bungoma tunafanya vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyemweleza mwenzake kitu. Aliileta na mkokoteni, akaisukuma mpaka kwenye kona, akanywa chai, akaniambia, "Huyu ni mkali kidogo. Usimwagie maji." Mkataba ulikuwa huo. Baadaye akaweka nyingine Moiben, akaweka Kaptagat, akaweka kwenye baa ya Moi's Bridge, na kila mahali aliacha maneno hayohayo kuhusu maji.

Madereva waliokuwa wakingoja kupimiwa mahindi wakaacha kulala ndani ya malori, wakaja kupigwa na wewe kwenye mashine. Namkumbuka mmoja wa Turbo, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, ulimpiga mpaka akauliza hoteli nzima, "Huyu mtoto anakula nini?" Na wewe bila kugeuza kichwa ukasema, "Madereva."

Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Nafikiri huo ndio wakati wa mwisho nilipocheka bila kuangalia nyuma kwanza.

Barua ikaja kwa Kiingereza, na ilikuwa na adabu nyingi hivi kwamba niliisoma mara ya pili kutafuta matusi yako wapi. Unajua Kiingereza changu. Nimesoma magazeti yote ya nchi hii, lakini nusunusu, maana nusu nyingine imefungia mandazi. Kesi nyingi najua tu zilivyoanza. Barua ilisema kile kidoto cheupe kina mwenyewe. Kwamba kuna mtu ng'ambo ndiye aliyefikiria kwanza kwamba kitu kwenye kioo cha TV kinaweza kupigwa na kitu kingine kikarudi, akaandikisha wazo lake London, na lililoandikishwa London limeandikishwa Nairobi pia. Karatasi hiyo inaitwa patenti. Kampuni moja ya Nairobi imenunua haki ya hiyo patenti kwa nchi yetu, na yeyote mwenye mashine kama yetu bila leseni yao anatumia mali ya mtu.

Mimi wala sikushangaa. Nchi hii ilikuwa na leseni ya baiskeli, leseni ya redio, leseni ya mbwa. Sokoni vijana wa chama walikuuliza kadi kabla hujashika kitunguu. Kidoto kuwa na leseni, mbona isiwe? Nilishangaa tu kwamba kilikuwa kimechelewa.

Ndipo wakili akaja mwenyewe. Suti ya kijivu, miwani, viatu visivyojua tope la hapa. Aliomba uma akalia mandazi. Nikajiambia, mtu anayekula mandazi kwa uma, huyu nitamweza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nililifanya kwa furaha.

"Mama," akasema, "hatukuja kugombana. Mambo ya korti ni marefu, yanachosha watu. Sisi tunataka tuelewane tu. Yaliyopita tunasamehe yote. Unaweka sahihi, unapata leseni ya kutundika ukutani, kila mwaka unatoa kitu kidogo, unaendelea na kazi yako."

Wewe ulikuwa umesimama na trei. Ukauliza, "Kama hatukuiba, mbona tunasamehewa?"

Wakili akaweka uma chini. Akakuangalia, akaangalia karatasi yake, akacheka. "Huyu mtoto asome sana," akasema. Mimi nikakutuma maziwa. Maziwa yalikuwepo, Nekesa. Sufuria ilikuwa imejaa.

Ulipotoka nikaanza kazi ninayoijua. Nilibishana naye bei kama mahindi. Nikaguna, nikasimama, nikapanguza meza ambayo ilikuwa safi, nikamwambia mwaka huu hata panya wamehama. Na akashuka. Kila nikiguna anashuka. Ilinipasa nione hapo. Mtu anayeshuka bei bila hata kukunja uso hauzi kile ambacho wewe unanunua. Lakini nilikuwa nimelewa ushindi. Tulipofika karibu na bure nikamnyang'anya kalamu kabla hajabadilisha mawazo.

Usidhani sikusoma. Nilisoma. Karatasi ilisema mimi ndiye mwenye mashine. Ikasema nakubali kwamba ile patenti ni ya kweli na ina nguvu, na kwamba mashine iliyojengwa na Kiptoo, fundi wa Eldoret, inaitumia bila ruhusa. Nikaona hayo ni maneno ya kufungia tu, kama yale ya mwisho wa sala ambayo watu huyasema wakiwa tayari wanatafuta viatu. Bei nilibishana. Maneno niliyaacha yapite bure.

Nilitundika leseni karibu na picha ya Rais, chini yake kidogo, kwa usalama.

Kumbe yule bwana alikuwa amepita kila mahali. Kitale, Nakuru, Kisumu, baa na hoteli zote zenye kioo na kidoto. Tukikutana wafanyabiashara sokoni tulijisifu. "Wewe alikushushia mpaka wapi?" "Mpaka hapa." "Ah, mimi nilimlaza chini kabisa." Tulikuwa kundi la watu werevu sana. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu wa suti aliacha Nairobi, akapanda gari mpaka Moi's Bridge, kuja kupoteza pesa.

Hakuwa anatafuta pesa. Alikuwa anaokota sahihi. Aliyetakiwa alikuwa Kiptoo, kwa sababu mashine zake zilikuwa zinafika mahali ambapo za kampuni zingefika kwa bei yao. Kiptoo alikataa kuelewana. Alisema, "Mimi sijawahi kuona karatasi ya huyo mtu wa London. Niliona kioo, nikaenda nyumbani nikafikiri." Alitaka jaji ndiye amwambie. Akapata wakili kijana, mwenye koti linalompwaya, ambaye alisema kuna njia. Kwamba huenda wengine huko ng'ambo walichezesha kidoto kabla ya huyo mwenye patenti, na ikiwa ni hivyo basi patenti hiyo haina mguu wa kusimamia. Kijana aliandika mpaka ng'ambo kuuliza. Alikuwa na matumaini, mtoto wa watu.

Siku ya korti nilikwenda Nairobi kumsindikiza Kiptoo, na huo ulikuwa ujinga mwingine, kwa maana nilifikiri nakwenda kumpa moyo. Wakili wetu wa mandazi akasimama, akatoa furushi la karatasi, akaliweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akamwuliza jaji, ikiwa haki hii ni ya uongo, mbona watu wote hawa, watu wazima wa biashara, wenye akili timamu, bila kulazimishwa, wameikubali? Akainua karatasi ya juu akaisoma. Ilikuwa yangu. Akasoma jina langu lote, hata lile la ubatizo ambalo natumia kanisani tu. Kiptoo hakugeuka kuniangalia. Alitazama kofia yake iliyokuwa magotini.

Jaji akasema warudi siku nyingine. Nje, yule kijana akamwambia Kiptoo kwamba wanaweza kuendelea, majibu ya ng'ambo yatakuja, lakini itachukua muda, na lile furushi, alisema, lile furushi. Hakumaliza sentensi. Kesho yake Kiptoo alikwenda ofisini kwao, hiyo ofisi yako, akaelewana. Hatatoa kitu. Hatadaiwa kitu. Ila asijenge tena mashine ya namna ile, wala asitengeneze iliyojengwa, ya kwake ama ya mtu. Akaweka sahihi akarudi Eldoret kwa basi la usiku.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna jaji aliyewahi kusema kile kidoto ni cha nani. Huenda ni chao kweli. Huenda si chao. Nimekaa na jambo hili miaka mingi nikipanguza meza, na nafikiri sasa nimeelewa kazi ya ile ofisi. Haishindi kesi. Inahakikisha kesi haifiki mwisho, na inaacha kila mtu akidhani amepona.

Jumamosi yake Kiptoo aliingia hotelini bila kofia. Sikuwa nimewahi kuona upara wake. Akakaa mahali pake.

"Chai ya kawaida, Mzee?"

"Ya kawaida."

Nikamletea. Akakoroga muda mrefu, na wewe unajua hatii sukari.

"Nasikia ulimbana sana kwa bei," akasema.

"Kidogo."

"Wanasema uliwashinda wote. Kitale walinyolewa."

Nikapanguza meza. Akanywa.

"Mama Nekesa, mimi nilikuwekea ng'ombe. Akapita mtu njiani, akasema huyu ng'ombe ni wa wizi. Na wewe ukabishana naye bei ya kamba."

Kisha akacheka. Cheko la kweli, la kutikisa meza. Nikacheka na mimi, ningefanya nini? Tangu kicheko hicho nimechoka, Nekesa, na kulala hakusaidii.

Mwisho wa mwezi alifunga kibanda akarudi Moiben kwa ng'ombe wenye miguu. Maziwa ya hoteli hii yanatoka kwake mpaka leo. Hajawahi kuyatia maji. Kila asubuhi nayapima, nikitumaini siku moja atayatia hata kikombe kimoja, tuwe sawa kidogo. Hayatii.

Sasa, jibu lako. Sikwambii kwamba wakili ni mtu mbaya. Ana adabu, na atakufundisha kazi vizuri. Katika ofisi ile sidhani utasikia uongo. Kila walichosoma kule korti kilikuwa kweli, sahihi ilikuwa yangu na kalamu niliinyakua mwenyewe. Utapiga taipu barua nzuri za kusamehe watu. Nakuomba tu ukifika mahali pa jina la mji, uwe kama unaiona meza. Kuna mwanamke ana unga mikononi, anajiandaa kubishana bei, na anafikiri atashinda.

Kukataa kupiga taipu siwezi kukuagiza. Ningekuagiza kwa mdomo gani? Mwaka jana walipotupanga foleni kupiga kura nyuma ya picha za wagombea, nilisimama kwenye foleni niliyoonyeshwa, nikasifu hali ya hewa. Wewe utaona mwenyewe ni wapi unaweza kusimama na ni wapi huwezi. Huenda ukarudi baada ya mwezi. Huenda ukazoea, na watu huzoea, na ukija Krismasi na viatu kama vya wakili nitakupokea tu na kuuliza vilitoka wapi.

Lakini nenda. Hapa nimekutuma maziwa ambayo yalikuwepo, na nikikaa na wewe nitakutuma tena, maana maswali yako yananitisha wakati kuna wageni. Huko angalau wakikufukuza chumbani watakuwa wamekusikia kwanza.

Kiptoo alipita jioni hii ulipokuwa kanisani kuaga. Alileta maziwa ya kesho na kibuyu chako cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao, kimefungwa vizuri, ukibebe kikiwa wima. Nikapata nguvu nikamwuliza, "Mzee, unaonaje Nekesa kwenda kwa wale watu?"

Akafikiri. Nilidhani hatimaye ataniambia kitu, nikakaa chini kabisa kumsikiliza.

"Mwambie nilisahau kofia yangu pale," akasema. "Kwenye kiti cha karibu na mlango. Ya kahawia. Akiiona aniletee Krismasi."

"Ni hayo tu?"

"Moiben kuna baridi, Mama."

Kwa hiyo angalia kwenye kiti. Wakisema hawajaiona, uliza tena, kwa ile sauti yako.

Na ile leseni bado iko ukutani, sijathubutu kuitoa. Mashine yenyewe iliungua mvua za kwanza baada ya kesi, stima ilipopotea ikarudi kwa nguvu. Mtu wa kuitengeneza ni mmoja tu, na ameweka sahihi kwamba haruhusiwi kuifungua. Jogoo hulala ndani yake.